Ngoma ya Pigo Moja kwa Mwaka

Paukwa!

(Pakawa!)

Mbona sauti ndogo hivyo? Mmekula, au mmeonja tu? Paukwa!

(Pakawa!)

Hapo sawa. Hapo zamani za kale palikuwa na kilima, na chini ya kilima palikuwa na kijiji, na katikati ya kijiji palikuwa na chemchemi. Jina la kijiji sikuambiwa, na aliyenisimulia naye hakuambiwa, kwa hiyo mtu asiniulize. Chemchemi ile ilitoa maji masika na kiangazi. Bubuji, bubuji, bubuji. Haikuchoka.

Watu wa pale walipenda ngoma kuliko kulala. Na walikuwa na desturi mbili za ngoma. Zishikeni vizuri, maana nitaziuliza baadaye na sitaki kuona watu wanatazama dari.

Desturi ya kwanza. Wanawake wenyeji wakipiga vigelegele, ngoma imekwisha. Mpigaji anaweka chini mkwiro, kile kijiti cha kupigia, wachezaji wanakwenda kunywa uji.

Desturi ya pili. Mgeni akipiga kigelegele, maana yake ngoma imemkolea, na mgeni hakatazwi kitu kizuri. Ngoma inarudiwa tangu mwanzo. Alikuja shangazi mmoja kutoka mbali, kwenye arusi ya mpwa wake, akapenda, akapiga. Wakarudia. Akapenda, akapiga. Wakarudia. Akapenda tena! Wapiga ngoma wakavimba mikono, wakaenda kumwomba kwa magoti ale ugali japo kidogo, ili mdomo upate kazi nyingine.

Haya. Kijijini hapo aliishi Bibi Nshoma. Huyu alikuwa manju, yaani ndiye mtunzi wa nyimbo na ndiye mshika mkwiro wa ngoma kubwa. Mwanamke mfupi, mwenye meno manne na akili isiyopungua. Lakini polepole! Karanga moja ataimenya, ataitazama huku, ataitazama huku, ataitia mdomoni, na wewe umeshamaliza bakuli. Vijana walimtania: "Bibi Nshoma akienda chemchemini, mtama unaivia njiani." Naye alicheka, polepole.

Jirani yake alikuwa Holo, mwanamke wa kigelegele. Kigelegele cha Holo kilivuka kilima, kikaamsha mbwa wa kijiji cha pili, mbwa wakabweka mpaka mchana. Mkumbukeni Holo.

Basi, siku moja, wakati wa kuvuna mtama, ng'o, ng'o, ng'o, kengele za ng'ombe. Ni Mtemi Masalu, mtawala wa nchi ile yote, amekuja kutoka upande wa pili wa kilima. Amesimama juu ya chemchemi, anaitazama kama mtu anayetazama nyama jikoni.

"Bonde hili zuri," akasema. "Ng'ombe wangu wana kiu. Watakaa hapa. Ninyi hamieni kule kwenye mawe."

Wazee wakauliza, "Mtemi wetu, kule kuna maji?"

"Kuna mawe."

Kwenye mawe hapaoti hata magugu. Kuhamia kule kulikuwa kufa, ila kwa kubeba mizigo kwanza. Akina mama walilia, na mimi hapa siwalaumu, ningelia pia.

Bibi Nshoma akajongea. Hatua. Hatua. Mtemi akasubiri mpaka akachoka kusubiri.

"Mtemi, baba," akasema, "mama yangu alizaliwa kando ya maji haya. Tupe ngoma moja ya kuyaaga."

"Moja tu?"

"Moja tu, baba. Nina umri gani wa kupiga mbili?"

Mtemi akacheka. Alitaka kuonekana mtu mwema, na wema huu ulikuwa rahisi. Akainua mkono mbele ya watu wote. "Naapa. Chezeni ngoma yenu moja, kwa desturi yenu, mpaka iishe. Vigelegele vya mwisho vikilia, mbebe mizigo. Nikiwagusa kabla ya hapo, mvua isinyeshe kwangu."

"Rudia, baba, masikio yangu yamezeeka."

Akarudia. Kijiji kizima kikasikia mara mbili.

Asubuhi yake watu walipanga duara kuizunguka chemchemi, wazee, vijana, mama na watoto mgongoni. Mtemi akakaa kwenye kigoda. Watu wake wakashika fimbo, tayari kuingiza ng'ombe. Bibi Nshoma akainua mkwiro. Akautazama. Akaushusha.

Ndu!

Duara lote likainua mguu wa kulia, likaweka. Tu!

Kisha kimya.

Watu wakangoja pigo la pili. Jua likapanda, likafika utosini. Ng'ombe mmoja akalala. Mtemi akakohoa.

"Bibi, endelea."

"Naendelea, baba."

"Mbona hupigi?"

"Nangoja pigo lifike."

"Litafika lini?"

"Mtama mpya ukiiva."

"Mtama tumevuna juzi!"

"Basi umeona mwenyewe," akasema Bibi Nshoma. "Lina safari ndefu."

Mtemi akasimama, kigoda kikaanguka. "Na wimbo huu una mapigo mangapi?"

"Si mengi. Mia tatu sitini na moja."

Alikuwepo mtu wa Mtemi aitwaye Lugwisha, msikivu na mnene. Lugwisha akahesabu vidole vyake vikaisha, akaomba vya jirani, navyo vikaisha.

"Huu ni utani!" Mtemi akanguruma.

"Ulisema tucheze kwa desturi yetu, baba. Nani alikwambia desturi yetu ni kukimbia? Niulizie hapa kijijini kama mimi nimewahi kufanya jambo haraka."

Watu wakaangua kicheko, wakashindwa kukizuia. Mtemi akatazama juu. Mbingu ilikuwa nyeupe, haina wingu hata la kupangusia jasho. Akakumbuka kiapo chake na mvua yake. Akageuza ng'ombe wake. Ng'o, ng'o, ng'o, wakarudi walikotoka. Na watu wakarudi mashambani kwao, mpaka pigo lingine lifike.

Lakini naye hakuwa mjinga. Alimwacha Lugwisha kando ya chemchemi na kibuyu kitupu. "Kila pigo, tia kokoto moja, ukianza na la leo. Na sikiliza. Siku ukisikia kigelegele, kimbia uniambie. Hao wanawake ni watu wa furaha. Hawatanyamaza miaka mia tatu."

Hapo ndipo shida ilipoanza, ndugu zangu! Kupiga ngoma polepole kila mtu anaweza. Kuzuia kigelegele je? Mtoto amezaliwa, wanawake midomo imefumbwa. Kijana aliyedhaniwa amefia safarini amerudi, midomo imefumbwa. Holo alikuwa akitetemeka kama sufuria inayochemka. Akamwendea Bibi Nshoma.

"Bibi, nitapasuka. Nikiingiza kichwa mtungini, nikapiga humo kidogo tu?"

"Lugwisha atasikia."

"Nikienda porini?"

"Wewe, Holo? Wewe ukipiga porini wanasikia hadi kwa Mtemi, waanze kufunga virago kwa niaba yetu." Bibi Nshoma akawaza. Akawaza sana, yule mwanamke alikuwa hana haraka. Kisha akachota kata ya maji. "Penye furaha, jaza mdomo maji. Usiyameze, usiyateme, mpaka furaha ipite."

Basi ikawa hivyo. Kila penye jambo la heri, wanawake wa kijiji kile wakasimama na mashavu yamevimba, machozi ya raha yanawatoka, maji mdomoni. Mmmm! Mmmm! Hiyo ndiyo ilikuwa shangwe yao.

Mtama ukaiva. Ndu! Mguu wa kushoto. Tu! Kisha kimya. Kokoto la pili kibuyuni.

Mtama ukaiva. Ndu! Mguu wa kulia. Tu! Kisha kimya. Kokoto la tatu.

Mwaka wa nne alikufa mzee mmoja aliyekuwa akisimama upande wa mashariki wa duara. Binti yake akaja akasimama palepale. Nyayo za baba zilikuwa zimebaki kwenye udongo, kubwa, na za binti zikaingia ndani yake zikabakiza nafasi. Binti akalia kidogo. Pigo likafika. Ndu! Akainua mguu pamoja na wenzake, akaweka. Tu! Tangu siku hiyo, mtu akifa, mwanawe husimama mahali pake.

Na Lugwisha? Alikaa kandokando ya maji na kibuyu chake. Mwaka wa kwanza walimwogopa. Wa pili walimpa uji. Wa tatu alilima tuta la maharage. Wa tano alioa hapohapo, mjane mpole, akazidi kunenepa. Lakini mtu wa amri ni mtu wa amri. Masikio yake aliyaweka wazi.

Mtemi naye alikuja kila mwaka kusikia pigo lake, ahakikishe hakuna aliyemdanganya. Atakaa kwenye kigoda, Ndu!, atakunywa kibuyu kimoja cha pombe ya mtama, ataondoka na hasira. Mwaka wa sita akaja na binti yake, Kalunde. Mwaka wa tisa Kalunde akaja bila kuitwa, akasema anapenda muziki. Muziki gani, pigo moja! Macho yake yote yalikuwa kwa Sengo, mjukuu wa Bibi Nshoma, aliyesimama upande wa magharibi. Mwaka wa kumi na moja wakaoana. Arusi ilifanyika kwa Mtemi, ng'ambo ya kilima, na wanawake wa kijiji wakaenda mashavu yamevimba. Ndugu wa bibi arusi wakanong'onezana: "Masikini, kijiji kizima kinaumwa meno!"

"Umemwoza mwanao kwa watu unaotaka kuwafukuza," mkewe Milembe akamwambia Mtemi.

"Kiapo ni kiapo," Mtemi akajibu. "Siku wakimaliza, watahama, na yeye pamoja nao. Nilisema mbele ya watu." Alilisema hilo huku anatazama pembeni. Kumbe kiapo kilikuwa kimemfunga na yeye.

Pigo la kumi na mbili likapita. Kibuyu kina makokoto kumi na mawili. Na Kalunde akawa mjamzito, na siku zake zikatimia.

Sasa ngojeni. Hapa ndipo nilipokuwa nawaleta. Siku ile wanawake wamejaa nyumbani kwa Kalunde, kila mmoja na maji mdomoni. Holo amejaza mpaka macho yamemtoka. Milembe, mama yake Kalunde, anafika mbio kutoka ng'ambo ya kilima, vumbi mpaka magotini. Miaka yote hiyo hakuna mgeni aliyekuja kijijini kutembea, maana nani atatembelea watu wanaongoja kufukuzwa? Ukimtoa Kalunde, ambaye sasa ni mwenyeji, ni Mtemi na watu wake tu, nao walikuja na nyuso za kesi. Milembe alikuwa mgeni wa kwanza aliyekuja na furaha.

Holo akamkimbilia mlangoni na kata ya maji, amwonyeshe kwa ishara: jaza mdomo, mama! Bibi Nshoma, aliyekuwa ameegemea ukuta akimenya karanga, akanyoosha mkono. Akaichukua ile kata.

"Mgeni mpe kiti," akasema. "Maji yana kazi nyingine."

Na ninyi mnajua yule hakuwa mtu wa kufanya jambo haraka. Siku ile alilifanya haraka.

Ndani, mtoto akalia. Ngaa! Ngaa! Mtoto wa kiume, mzima, ana nywele. Wanawake wote: Mmmm! Mmmm! Milembe akamwona mjukuu wake wa kwanza. Moyo ukajaa, ukapanda kooni, na mdomo ulikuwa mtupu.

"Lililililililiii!"

Kijiji kikaganda. Holo akameza maji yote kwa mpigo mmoja. Nje, Lugwisha akadondosha jembe kwenye maharage yake.

Alikimbia, jamani, lakini alikimbia analia. Puh, puh, puh, tumbo mbele, kibuyu kwapani, makokoto yanalia chakacha, chakacha. Mke wake alikuwa wa kijiji kile. Maharage yake yalikuwa ya kijiji kile. Lakini amri ni amri. Alifika kwa Mtemi hana pumzi. "Ki... ki... kigelegele!"

Ng'o, ng'o, ng'o. Kabla jua halijafika utosini Mtemi alikuwa kwenye chemchemi na ng'ombe wake wote. Watu walikuwa wamekwisha kusimama kwenye duara, kila mtu kwenye nyayo zake, wameshikana mikono. Yule binti wa upande wa mashariki alikuwa ameinama anashika udongo.

"Vigelegele vimelia," Mtemi akasema. Hakupaza sauti kama zamani. "Ngoma imekwisha. Bebeni mizigo."

Bibi Nshoma akatoka nyumbani kwa Kalunde amebeba kitu kwenye kanga ya... hapana, kanga hazikuwako bado, amebeba kwenye ngozi laini ya mbuzi. Hatua. Hatua. Akafika mbele ya Mtemi.

"Sawa, baba. Kiapo ni kiapo. Mzigo wa kwanza huu hapa. Huu ni mzito kwetu, ubebe wewe mwenyewe, uupeleke kwenye mawe."

Akaweka mtoto mikononi mwa Mtemi.

Mtemi akatazama. Mtoto akafungua jicho moja, akamtazama babu yake, akalifunga. Kisha akamlowesha, chiriri, kuanzia kifuani mpaka mkandani.

Hakuna aliyethubutu kucheka. Mtemi alisimama na maji yanamchuruzika. Akatazama mawe kule juu, meupe, makavu. Akatazama chemchemi.

"Bibi," akasema taratibu, "niliapa mbele ya watu. Nitafanyaje?"

Alikuwa anaomba. Mtu mkubwa vile, alikuwa anaomba. Na Bibi Nshoma hakumcheka wala hakumwachia aombe mara mbili.

"Uliapa tucheze kwa desturi yetu, baba. Basi tuulizane kwanza. Aliyepiga kigelegele ni nani?"

"Ni mimi," akasema Milembe kutoka mlangoni. "Na nikipewa mjukuu mwingine nitapiga tena."

"Na Milembe hapa kijijini ni nani?" akauliza Bibi Nshoma.

Mtemi akamtazama mkewe. "Ni mgeni," akasema.

"Na mgeni akipiga kigelegele?"

Haya, nilisema nitauliza. Mgeni akipiga kigelegele?

(Inarudiwa!)

Na kijiji kizima kilijibu hivyohivyo, sauti ikagonga kilima ikarudi: "Inarudiwa! Tangu mwanzo!"

Mtemi Masalu akakaa chini, kwenye majani, kigoda akakisahau. Akaanza kucheka. Alicheka mpaka mtoto akatikisika. "Lugwisha," akasema, "mwaga makokoto."

Lugwisha akakigeuza kibuyu. Makokoto kumi na mawili yakaangukia majini. Chubwi, chubwi, chubwi. Naye Lugwisha akarudi kwenye maharage yake anaimba. Na ng'ombe? Bibi Nshoma aliwakaribisha wanywe kwa zamu, asubuhi ng'ombe, jioni watu wa mitungi, na maji yakawatosha wote.

Mtama ulipoiva, Bibi Nshoma alipelekwa kwenye ngoma ameshikwa huku na huku. Akainua mkwiro. Akautazama. Ndu! Mguu wa kulia. Tu! Pigo la kwanza, kwa mara ya pili.

Holo akakaa karibu naye. "Bibi, hutausikia mwisho wa wimbo wako."

"Mwisho niliutunga mimi, Holo. Naujua. Ni mzuri sana."

"Niimbie basi, japo kwa kunong'ona."

Bibi Nshoma akatabasamu kwa yale meno manne, ambayo siku hizo yalikuwa mawili. "Nikikuimbia utapiga kigelegele."

Akampa Holo mkwiro, aushike.

Hakufika mtama uliofuata. Alikufa mchana, ana karanga mkononi, ameshaimenya nusu. Walimzika kando ya maji ya mama yake. Wanawake wenyeji walisimama na maji mdomoni, maana mtu aliyeishi hivyo husindikizwa kwa shangwe, na machozi yao na maji yao vilikuwa kitu kimoja. Milembe akaja kutoka ng'ambo ya kilima, akasimama kichwani pa kaburi. Lililililililiii! Na wote wakajua la kufanya. Mtama ulipoiva, Holo akainua mkwiro. Ndu! Tangu mwanzo.

Na tangu hapo, kila arusi, kila mtoto, kila mzee anapozikwa, wanawaalika wageni. Wageni wanapenda, wanapiga. Ngoma inarudi mwanzo. Waliocheza ile ya kwanza wote wamekufa, na watoto wao, na wajukuu wao, na duara halijavunjika. Pigo la mia tatu sitini na moja hakuna aliyelisikia. Kumi na mbili ndiyo mbali walikowahi kufika.

Hadithi hii yatufunza kwamba mtu ukimpa muda mrefu wa kukaa karibu nawe, mwishowe atapata cha kupenda kwako, na akishapenda hatakufukuza. Bibi Nshoma alijua hilo, akampa Mtemi muda huo kwa kukawia.

Hadithi yangu imeishia hapo. Ngoma yao, bado. Na ninyi wageni wangu mlioipenda, nawasihi, jazeni maji midomoni. Mkinipigia kigelegele itabidi nirudie tangu mwanzo, na ugali unapoa.

(Lililililililiii!)

Nani huyo? Haya. Paukwa!